Aliyeshika Tindo

Nyuma ya mlango wa jikoni wa mama mkwe wangu, Church Hill, mjini Richmond, jimbo la Virginia, kuna chuma kimeegemezwa ukutani. Kinanifika kiunoni. Ncha moja imechongwa bapa kama patasi, nyingine imepondwa na kupondwa hadi ikachanua kama uyoga. Miaka miwili ya kwanza ya ndoa yangu niliamini ni komeo. Siku nilipokichukua nichokoe kijiko kilichoingia chini ya friji, nikasikia sauti yake nyuma yangu, taratibu kabisa: "Hicho si cha vijiko, mwanangu. Hicho kilipasua mlima."

Nikakirudisha kama mtu aliyeshtukia ameshika msahafu bila udhu.

Na hapo ndipo nilipokitambua. Ni tindo. Si ile fupi ya fundi mwashi, bali ndefu, ya kutoboa mwamba ili baruti iingie. Mimi ni mtoto wa reli. Babu yangu mzaa baba alikuwa kwenye gengi la reli Tabora, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na baba amekulia kwenye kota za reli. Kwetu nyundo, mtaimbo na taruma ni maneno ya kila siku. Sikutegemea kuyakuta Virginia, jikoni kwa mama aliyezaliwa 1941 na ambaye hajawahi kuvuka bahari.

Hadithi aliyorithi ilikuwa fupi. Baba wa babu yake alizaliwa mtumwa, akapata uhuru kijana, akaenda kujenga reli milimani, akarudi na chuma hicho na mikono iliyoharibika. "Alikuwa mpiga nyundo," aliniambia. "Kama John Henry."

Huku kila mtoto anamjua John Henry: pandikizi la mtu, mweusi, aliyeshindana na mashine ya mvuke kutoboa mwamba, akaishinda, akafa nyundo ingali mkononi. Sanamu yake iko Talcott, West Virginia, kwenye handaki la Big Bend ambalo kampuni ya Chesapeake and Ohio ililichimba mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kama aliishi kweli, na kama ilikuwa hapo au kwenye handaki jingine, wanahistoria bado wanavutana. Basi kila familia ina babu aliyefanya kazi na John Henry, kama kwetu Tabora kila ukoo una babu aliyembebea Livingstone mzigo. Nikatikisa kichwa kwa heshima, lakini moyoni sikuamini.

Ombi lake ndilo lililonikamata. "Sihitaji kujua alipasua mlima upi. Nataka jina la mama yake, kabla sijafa." Akaongeza sharti: nikija kuandika, na alijua nitaandika, jina la ukoo wao nisilitaje. Sitalitaja. Nitasema tu kwamba ni jina la kawaida mno, kama mtu kutafuta Juma Hamisi kwa kuanzia Ujiji.

Mtu anayetafuta ukoo huanza na marehemu aliyemzika mwenyewe, kisha anarudi nyuma ngazi kwa ngazi. Mama mkwe alikuwa amehifadhi kadi ya hifadhi ya jamii ya baba yake, na nilipoisoma tu nikacheka: namba inaanza na 7. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1963 wafanyakazi wa reli Marekani walipewa namba zao peke yao, kuanzia 700 hadi 728, kwa sababu pensheni yao ilikuwa na mfuko wake. Ukiona namba hiyo kwenye makaratasi ya marehemu, jua alikula mkate wa reli. Jalada la pensheni lilitupa jina la baba yake, naye tukamfuata hadi kwenye sensa ya 1900. Sensa ile ilikuwa na maswali ya kimbea kweli: mwezi uliozaliwa, miaka ya ndoa, na mama amezaa watoto wangapi na walio hai ni wangapi. Hapo tukamkuta mwenye tindo, mzee wa miaka hamsini, na mkewe. Watoto tisa, hai watano.

Ngazi iliyofuata haipo. Karatasi za sensa ya 1890 karibu zote zilipotea kutokana na moto uliotokea Washington Januari 1921. Ukaruka hadi 1880, ukaruka hadi 1870, ambayo ndiyo sensa ya kwanza ya nchi nzima kuwaandika kwa majina watu weusi waliotoka utumwani. Na 1870 haikuandika nani ni nani kwa nani. Nilipata vijana watatu wenye jina lake, mmoja wao katika safu ndefu ya wanaume waliolala kambi moja milimani, kazi: reli. Anaweza kuwa yeye. Anaweza asiwe.

Nyuma ya hapo ni ukuta. Sensa za 1850 na 1860 zilikuwa na daftari lake la watumwa: jina la mwenye mali juu, chini yake umri, jinsia na rangi. Miaka 10, mume, mweusi. Miaka 10, mume, chotara. Nilikaa jioni moja nikipitisha kidole kwenye skrini juu ya watoto wa kiume wa miaka kumi wa wilaya nzima, nikazima kompyuta nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nilidhani kampuni itatuokoa. Reli ni watu wa makaratasi. Babu yangu alikuwa na cheti hata cha viatu. Na kweli waliandika: mataruma, baruti, nyumbu. Ila wafanyakazi, hasa wa gengi, mara nyingi waliitwa "mikono" tu na kuhesabiwa kwa makundi chini ya jina la nyapara.

Tabia hiyo ilianza na reli yenyewe. Safari za kawaida za abiria kwa injini ya mvuke zilianza Marekani siku ya Krismasi mwaka 1830, pale Charleston, South Carolina. Injini iliitwa Best Friend of Charleston, na dereva wake Nicholas Darrell ametunzwa vizuri vitabuni. Tarehe 17 Juni 1831 mtia kuni wake, mtu mweusi, inasemwa alikereka na mlio wa mvuke uliokuwa ukitoka kwenye vali ya usalama, akaibana isitoe sauti. Boila ikalipuka. Darrell aliungua, akapona. Mtia kuni alikufa. Reli ikatia behewa la marobota ya pamba kati ya injini na abiria ili watu waache kuogopa, na mabaki ya injini yakaundwa upya, ikaitwa Phoenix. Injini ikapata majina mawili. Mtia kuni hatujaachiwa hata moja. Na ile habari kwamba kosa lilikuwa lake, aliyeisimulia si yeye.

Virginia nayo ilikuwa na mtindo wake. Handaki la Blue Ridge, futi 4,273, yaani kama kilomita 1.3, lilichimbwa kuanzia 1850, treni ikapita 1858. Mhandisi alikuwa Claudius Crozet, Mfaransa aliyewahi kupigana katika jeshi la Napoleon. Wachimbaji wengi walikuwa wahamiaji wa Ireland, na pamoja nao watumwa waliokodishwa. Kukodisha mtumwa kulikuwa kama kupangisha nyumba: mkataba unaanza Januari, unaisha Krismasi, kodi anakula mwenye nyumba. Ipo mikataba iliyokataza watumwa wasipelekwe kwenye baruti. Usione ni huruma. Mtumwa akilipuka, kuna tajiri atakayedai fidia. Mwairishi akilipuka, kesho yuko mwingine langoni. Leo handaki hilo ni njia ya kutembea kwa miguu, tulipita na watoto na tochi. Ukipitisha mkono ukutani unagusa nusu za matundu ya tindo, mifereji iliyonyooka, ya upana wa kidole gumba. Nikajua sasa chuma cha jikoni kinalingana na nini.

Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, vilivyomaliza utumwa, mwaka 1868, kampuni iliyokuwa ikitumia njia hiyo ikageuka Chesapeake and Ohio, kwa kifupi C&O, ikaingia magharibi mlimani kuelekea mto Ohio, ikakutanisha reli Januari 1873. Waliochimba wengi wao walikuwa watu weusi waliotoka utumwani juzi tu, na wengine walikuwa wafungwa ambao gereza la jimbo liliwakodisha kwa kampuni. Ndiyo, walikodishwa tena. Katiba ilikuwa imekataza utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa, na makosa hayakuwa adimu kuyapata ukiwa mweusi Virginia.

Basi tumekwama, miezi minane. Aliyetukwamua ni bibi mmoja wa maktaba ambaye aliuliza swali nisilolifikiria: "Huyu kijana mshahara aliuweka wapi?"

Mwezi Machi 1865, vita ikikaribia kwisha, Bunge la Marekani liliidhinisha kuanzishwa kwa benki ya akiba kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, Freedman's Bank. Unaweka hata senti 5. Richmond ilikuwa na tawi. Kwa kuwa wateja wengi hawakujua kusaini, na majina yalifanana, karani alijaza maelezo ya kumtambulisha mtu: umri, rangi, alikozaliwa, kazi, anamfanyia nani, mke, watoto, baba, mama, kaka na dada. Lengo lilikuwa ni kuzuia wizi. Lakini tazama walichokitengeneza bila kukusudia: watu ambao daftari la 1860 liliwaita "mume, mweusi", miaka michache baadaye wamesimama mbele ya dirisha la benki wanaulizwa mama yako nani.

Ingizo lake ni la 1871. Miaka 20. Kazi, kibarua; mwajiri, reli ya C&O. Mke, hana. Baba, jina moja, amefariki. Mama, jina, na mbele yake karani ameandika kwa kalamu nyembamba: aliuzwa kabla ya vita. Kaka na dada, majina matatu. Wawili, hajulikani walipo. Maelezo mengine: vidole viwili vya mkono wa kushoto havipo. Sahihi: alama ya msalaba, imeelemea upande mmoja.

Mama mkwe aliomba nimsomee mara tatu. Mara ya tatu hakusikiliza mengine, alikuwa analitamka lile jina la mama polepole, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Siku hiyo hakupika. Alinituma nikanunue kuku wa kukaanga, jambo ambalo kwake ni sawa na msiba.

Benki yenyewe ilikufa kifo cha aibu. Mwenyekiti wa kamati yake ya fedha alikuwa Henry Cooke, na sehemu ya akiba za wateja ilikopeshwa kampuni ya nduguye, Jay Cooke, aliyekuwa akiuza dhamana za reli ya Northern Pacific. Mwaka 1873 kampuni hiyo ikaanguka na kuanzisha mtikisiko wa uchumi nchi nzima. Machi 1874 wakamweka Frederick Douglass, mtu mweusi mashuhuri aliyezaliwa mtumwa na kupigania kukomeshwa kwa utumwa, awe rais wa benki, jina lake liwatulize watu. Akatia dola 10,000 zake mwenyewe kabla hajaelewa ameingizwa kwenye nyumba inayoungua. Mwisho wa Juni ikafungwa, ikidaiwa karibu dola milioni 3 na wateja zaidi ya 60,000. Baadhi walirudishiwa sehemu, wengi hawakupata kitu. Kijana wetu alikuwa na kiasi gani, daftari la maelezo haliandiki. Lakini fikiria: umetoboa mwamba kwa ajili ya reli, ujira wako umeuweka benki, benki ikaukopesha kwenye reli.

Kuna jambo moja bado. Madaftari yale yalikaa zaidi ya karne bila faharasa ya maana. Kumpata mtu ilikuwa kusoma yote. Kazi ya kuyapanga ilichukua miaka 11 hadi 2001, majina kama 480,000, na walioifanya kwa kujitolea walikuwa zaidi ya wafungwa 500 wa gereza la jimbo la Utah. Nilipomwambia mama mkwe alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo wafungwa walichimba, na wafungwa wakafukua." Sikuwa na la kuongeza.

Nilidhani tumemaliza. Mjomba wa mume wangu, kaka mkubwa wa mama mkwe, akaja Jumapili. Ana miaka themanini na kitu, amestaafu karakana ya reli, na anazungumza kama mtu anayelipia kila neno. Nikamsomea. Nilipofika kwenye vidole akanyoosha mkono. "Rudia hapo. Mkono upi?"

"Wa kushoto, mjomba."

Akamtazama dada yake. "Hakuwa mpiga nyundo."

Akaeleza. Mwamba ulitobolewa na watu wawili au watatu. Mpiga nyundo, mmoja au wawili, na mwingine aliyechuchumaa au kulala akiwa ameshika tindo. Nyundo ikigonga, aliyeshika anaizungusha tindo robo na kuitikisa ili vumbi la mawe litoke kwenye tundu, kisha anaituliza kabla nyundo haijarudi. Ndiyo maana wenyewe walimwita mtikisaji. Asipozungusha, tindo inanasa. Akizungusha akachelewa, nyundo inamkuta. Haya yote kwa mwanga wa taa ndogo, vumbi limejaa kifuani. Wengi waliochimba mahandaki waliugua mapafu, na wenzao waliwaita wavivu mpaka siku walipowazika. Kazi ya kushika ilipewa mara nyingi vijana wepesi wa mikono.

"Mpiga nyundo hakatiki vidole," mjomba akamaliza. "Vidole ni vya aliyeshika."

Mama mkwe alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. Miaka themanini amekuwa na John Henry nyuma ya mlango. "Baba alituambia nyundo," akasema.

"Baba aliambiwa nyundo," mjomba akajibu. "Wewe ungewaambia watoto kwamba kazi yako ilikuwa kukaa chini na kuombea jamaa asikose?"

Jioni ile nikatoka kutembea peke yangu, nishuke kilima. Church Hill imesimama juu ya handaki. Reli ya C&O ililichimba mwanzoni mwa miaka ya 1870 kwenye udongo wa mfinyanzi, baadaye likaachwa, na walipotaka kulirudisha kazini tarehe 2 Oktoba 1925 likaporomokea treni ya mafundi iliyokuwa ndani. Dereva, Tom Mason, alifia humo; walichimba wakautoa mwili wake. Mchochea moto wake, Benjamin Mosby, alitambaa chini ya mabehewa akatoka, akafa kwa majeraha ya moto. Vibarua wawili weusi hawakupatikana. Mmoja ni Richard Lewis. Wa pili ameandikwa H. Smith. H tu. Henry, Howard, Horace, nani ajuaye. Na huo ni mwaka 1925, si 1831, mji wenye magazeti na simu. Handaki likajazwa mchanga na kuzibwa kwa zege, injini namba 231 ikiwa bado humo ndani. Mlango wa magharibi uko pale, umevaa magugu. Mtu alikuwa anatembeza mbwa mbele yake.

Ukiendelea kushuka unafika Shockoe, ambako ndiko kulikuwa na soko kubwa la watumwa, na kituo cha treni cha Main Street kimejengwa karibu na lilipokuwa gereza la mfanyabiashara wa watumwa Robert Lumpkin. Aliuzwa kabla ya vita, ameandika karani. Hakuandika wapi. Nilisimama hapo mpaka baridi ikanifukuza.

Niliporudi nikakuta mjomba amekitoa chuma uani. Amepata kipande cha jiwe kutoka kwenye bustani na nyundo ya fundi, ndogo. "Njoo, mtoto wa reli," akaniita. "Shika."

Nikachuchumaa. Akagonga mara moja, si kwa nguvu, na mkono wangu ukaruka wenyewe kama umeguswa na jiko.

"Usiangalie nyundo. Angalia tindo. Sasa zungusha."

Nikazungusha. Akagonga. Nikafumba macho. Mara ya tatu nilizungusha robo, nikatikisa, na unga mweupe wa jiwe ukatoka kwenye kijitundu kisichozidi kina cha ukucha, ukanikalia kwenye vidole vyote vitano vya mkono wa kushoto.

"Mkimaliza," mama mkwe akapaza sauti kutoka dirishani, "kirudisheni mahali pake. Na mfute miguu."